Mchagua jembe si mkulima? Kisa cha bao la mjomba

Kila siku baada ya sala ya Alasiri, mjomba wangu alikuwa akitoka nyumbani kwake katika Mji wa Kale, Mombasa, kofia kichwani na mkongojo mkononi, akielekea barazani kucheza bao. Alikuwa na desturi hiyo tangu kabla sijazaliwa mimi. Watu wa mtaa walimjua kwa bao kama vile wengine wanavyojulikana kwa utunzi wa mashairi au kwa kupika halua. Lakini mnamo mwaka 2019 miguu ilimkatalia, na kabla ya mwaka kwisha macho nayo yakaanza kumtupa. Mwanawe wa pekee, ambaye ndiye aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, yuko Muscat, Oman, kwa kazi. Basi bao la mjomba likapandishwa juu ya kabati, na kete zake za komwe zikatiwa katika kifuko cha kitambaa na kufungwa.

Hapo ndipo nilipomtolea ahadi ambayo, lau ningalijua uzito wake, huenda ningalinyamaza. Nilimwambia: "Mjomba, nitakuandikia programu ya bao. Utacheza na mwanao, yeye akiwa huko na wewe ukiwa hapa kitandani pako."

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno mawili tu: "Ahadi deni."

Msomaji, nataka leo nikusimulie jinsi nilivyolipa deni hilo, na jinsi nilivyolazimika kutupa mkono zana niliyoianzia kazi na kushika nyingine ilhali kazi ilikuwa imepita nusu. Hiki ni kisa cha tarakilishi, lakini naamini hata fundi wa majahazi, mshonaji kofia na mwandishi wa vitabu wataiona sura yao ndani yake.

Bao si hesabu ya watoto

Kwa yule asiyelijua bao la Kiswahili, acha nieleze kwa ufupi. Bao lina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete 32. Kete zote ni 64. Mchezo unapoanza, kila mmoja huweka kete 6 katika nyumba, nayo ni shimo kubwa la safu ya mbele, na kete 2 katika kila moja la mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba. Kete 22 zinazobaki hukaa mkononi na huingia baoni moja moja kwa zamu. Huko ndiko kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza mtaji, ambapo mtu hucheza na zile zilizomo baoni tu.

Ukifikisha kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la adui linaloelekeana nalo lina kete pia, umekula. Unazitwaa kete zake na kuzitawanya upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ile ya mwisho ikiangukia tena mahali pa kula, unakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, unazizoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Aliyemalizikiwa na kete za safu ya mbele, au aliyekosa pa kucheza, ameshindwa.

Hayo ni maji ya kifundoni tu. Mbele kuna kina: kuna kimbi, kuna kutakata, kuna kutakasia, kuna haki ya nyumba kusimama au kuvunjwa. Zamu moja ya bingwa yaweza kuzunguka bao mara kadhaa, naye anajua kabla hajashika kete ya kwanza itakapolala ya mwisho. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya namna akili zao zinavyolikabili bao. Watafiti wa Uholanzi wameonyesha pia kwamba ipo mipangilio ya kete ambayo mtawanyo wake haulali kamwe. Mimi nilidhani nitalimaliza bao kwa miezi mitatu!

Jahazi ndani ya ua

Nilianza mwezi wa Januari 2020. Mimi ni mwandishi wa programu wa kujitegemea; sina tajiri wala mshahara wa mwezi. Mchana huandikia maduka programu za hesabu, na usiku ndio uliokuwa wa bao. Lugha niliyoichagua ni Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Sikuichagua kwa kupima hili na lile. Niliichagua kwa sababu niliijua, na ndiyo iliyokuwa ikinilisha.

Jambo moja lilinipendeza tangu mwanzo. Zana ya namna hii ina maneno yake machache yasiyobadilika, na mengine yote mwandishi hujipangia. Basi nikavipa vipande vya programu yangu majina ya barazani: namua, tawanya, kula, takata, lala. Mtu wa bao akisomewa programu yangu angalielewa karibu nusu yake bila kuingia darasani. Nilijiambia kwamba hata kama kazi haitanipa shilingi, walau maneno haya yamepata makao mapya.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kufikia mwisho wa 2021 nilikuwa na mistari ipatayo elfu sita, na tarakilishi yangu ilikuwa ikicheza bao vizuri kiasi cha kunishinda mimi, ingawa hilo si jambo la kujivunia. Shida ilikuwa kwamba tarakilishi hiyo iko mezani pangu. Mjomba ana simu ya mkononi. Mwanawe wa Muscat naye ana simu. Python hasa haikuzaliwa kwa ajili ya simu. Zipo njia za kuipeleka huko, na wapo waliozipita wakafika salama; mimi nilizipita nikafika nikihema. Programu ilichelewa kuamka, maandishi yalikuwa madogo, na sauti ya kete ilisikika baada ya kete yenyewe kwisha kuanguka, kwa hiyo nikaiondoa.

Nilikuwa kama fundi aliyeunda jahazi ndani ya ua, kisha akagundua kwamba mlango wa ua ni mdogo kuliko jahazi.

Hata hivyo nilimpelekea mjomba. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2022, baada ya futari. Akaisogeza simu karibu na jicho la kulia, lile linaloona kidogo, akaigusa, akangoja, akaigusa tena. Kisha akairudisha mkononi mwangu.

"Mwanangu, hili ni daftari la dukani," akasema. "Naona tarakimu. Bao liko wapi? Sisikii kete."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwahi kumwuliza. Tangu macho yaanze kupungua, alikuwa akilifuata bao kwa sikio. Kete ikianguka juu ya nyingine ina mlio wake, na ikianguka juu ya ubao mtupu ina mlio mwingine. Hakuhitaji kuona shimo tupu, alilisikia. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya sauti ili programu iende mbio, na kumbe sauti ndiyo iliyokuwa bao lenyewe.

Waliobadili na waliojuta

Usiku ule sikulala. Njia zilikuwa mbili: niendelee kuitia viraka programu ya zamani, au nishike zana nyingine iliyoundwa kwa michezo na simu, nianze upya. Mke wangu aliponiona nimekodoa macho kwenye dari aliniuliza kuna nini, nami nikamweleza. Akanijibu kwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Akageukia ukutani, akalala.

Methali hiyo ilinichoma, kwa sababu kwetu sisi tunaoandika programu maradhi hayo ni ya kawaida. Kila mwaka huzuka zana mpya inayosifiwa, na wapo vijana wenye akili sana ambao hawajamaliza kazi hata moja, kwa kuwa kila wakifika katikati husikia sifa za jembe jipya.

Tena ulikuwapo mfano mkubwa wa kunitisha. Mnamo mwaka 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani, ambayo programu yake ya kupitia intaneti ilikuwa maarufu duniani, iliamua kuweka kando ile ya zamani na kuandika mpya tangu mwanzo. Toleo la 5 halikutoka kamwe. Lile la 6 lilitoka Novemba 2000, na kufikia hapo watumiaji wengi walikuwa wamekwisha hamia kwa mpinzani wao, Microsoft. Mwandishi wa programu Joel Spolsky aliandika mwaka huo wa 2000 kwamba kuanza upya namna hiyo ni kosa kubwa kuliko yote ambayo kampuni ya programu yaweza kufanya. Hoja yake ni kwamba programu ya zamani, hata ikiwa na sura mbaya, imebeba ndani yake masahihisho ya miaka mingi. Ukiitupa, umetupa na masahihisho.

Lakini nilipopekua zaidi, niliona wapo waliobadili zana wakapata heri. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs waliandika upya mfumo wao wa Unix mnamo mwaka 1973 kwa lugha ya C, wakaiacha lugha ya mashine iliyoufunga kwenye chombo cha aina moja. Kwa sababu hiyo Unix iliweza baadaye kuhamia mashine nyingi nyingine. Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alichukizwa mwaka 1977 na sura ya kurasa za kitabu chake zilizopangwa na wapiga chapa, akaanza kuandika programu yake mwenyewe ya kupangia kurasa, TeX. Aliiandika kwanza kwa lugha iitwayo SAIL, iliyokuwa ikitumika mahali pachache tu. Kisha akaiandika upya juu ya msingi wa lugha ya Pascal, na toleo hilo la 1982 ndilo lililoenea duniani. Kazi aliyodhani ingekwisha upesi ilimla miaka, lakini mpaka leo vitabu vya hisabati hupangwa kwayo.

Nikajiuliza: tofauti iko wapi? Nikaona kwamba Thompson, Ritchie na Knuth hawakubadili jembe kwa kuwa la jirani linang'aa. Zana ya kwanza iliifunga kazi mahali pamoja, na kazi ilitaka kusafiri. Hali yangu ilikuwa hiyohiyo. Sikuwa nachagua jembe. Jembe langu lilikuwa halifiki shambani.

Ilimu ihame kwanza

Zana niliyoichagua inaitwa Godot. Waanzilishi wake ni Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, nao waliifungua kwa watu wote mwaka 2014. Mtu huitumia bila malipo, na akitengeneza kitu kwayo anaweza kukiuza bila kumgawia yeyote. Inatengeneza programu za simu na za tarakilishi kutoka kazi ileile moja, nayo ina njia tayari za kushughulikia picha na sauti. Lugha yake ya ndani inafanana na Python kwa sura, maana zote mbili huonyesha kwa nafasi ya mwanzo wa mstari nini kimo ndani ya nini. Jina lake limetokana na tamthilia ya Samuel Beckett juu ya watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, maana mjomba naye alikuwa akingoja.

Siku nilipomweleza kwamba nitaanza upya, nilitazamia lawama. Badala yake aliniuliza swali: "Hilo bao ulilolifunza mashine, limo kichwani mwako, au limo katika mashine tu?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli sheria nyingine nilizitia miaka miwili nyuma na nilikuwa nimezisahau. Zilikaa katika mistari ile elfu sita, nami niliziogopa kuzigusa.

"Basi lete daftari," akasema.

Tangu Mei hadi Julai 2022 nilikwenda kwake kila jioni. Bao likateremshwa kutoka kabatini, likawekwa mapajani pake, kifuko kikafunguliwa. Yeye alicheza pande zote mbili kwa vidole, akitaja kila hatua, nami nikiandika: shimo gani, mwendo upi, nyumba imesimama au imevunjwa. Tulijaza michezo 40. Mingine ilikuwa ya zamani, aliyoicheza na watu ambao sasa ni marehemu, naye aliikumbuka kama mtu akumbukavyo utenzi. Mara nyingine alisita, akafumba macho, akasema, "La, hapa alicheza kushoto, akajuta," kisha akaendelea.

Msomaji ajuaye historia ya maandishi yetu ataona kwamba jambo hili si geni. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na baadaye mashairi yao yakahamishiwa herufi za Kirumi. Mwandiko ule wa zamani haukuwa na alama maalumu ya kila sauti ya Kiswahili. "E" na "i" ziliweza kuandikwa sawa, na "o" na "u" vivyo hivyo. Mtu asiyeyajua mashairi yenyewe hakuweza kuyahamisha kwa kutazama herufi tu. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilikusanywa na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabuni. Bila ya wajuzi kama Mwalimu Sikujua, zile karatasi zingalikuwa wino mtupu. Zana ikibadilika, mwenye ilimu ndiye daraja.

Mchezo wa kumi na saba

Nilianza kuandika Agosti 2022. Nilijipa miezi miwili, ikawa tisa. Sitaficha gharama yake. Nilikataa kazi ya duka moja kubwa kwa sababu sikuwa na nafasi, na mke wangu akaniuliza swali ambalo ni haki yake kuuliza: "Bwana, hilo bao linalipa stima?" Halikuwa likilipa. Mwezi wa Novemba tuliuza pikipiki.

Kila nilipomaliza sehemu moja ya programu mpya, niliziingiza hatua za daftari katika programu zote mbili, ya zamani na mpya, kisha nikalinganisha mashimo yote 32 baada ya kila zamu. Michezo kumi na sita ya kwanza ilikubaliana kete kwa kete. Wa kumi na saba ukakataa. Programu moja ilisema mjomba amebakiwa na kete 5 katika nyumba, nyingine ikasema 9.

Bila kufikiri niliilaumu ile mpya. Ya zamani ilikuwa na umri wa miaka miwili, nimeizoea, nimeiamini. Siku tatu usiku nilihangaika kuilazimisha programu mpya ikubaliane na ya zamani, na kila nilipofanikiwa hapo, michezo mingine iliharibika. Usiku wa nne nikabeba daftari, nikaenda kwa mjomba.

Tatizo lilikuwa hili. Katika zamu ile, mtawanyo ulianza kichwa cha kushoto ukaenda kulia, ukala katika kimbi cha kulia. Kimbi ni shimo la mwisho la safu ya mbele pamoja na lile linalofuatana nalo. Sheria ni kwamba ukila kimbini, kete ulizozitwaa huanzia kichwa cha upande huohuo. Kwa hiyo mwendo uligeuka, ukawa wa kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya hapo mtawanyo ukala tena, safari hii katikati. Je, kete hizo zianze kichwa kipi? Programu ya zamani ilianza kushoto. Mpya ilianza kulia.

Mjomba aliyapanga mashimo kwa vidole, akazicheza kete moja moja, akasikiliza. "Ukila katikati hali uko njiani, unafuata mwendo ulio nao sasa," akasema. "Mwendo ulikwisha geuka kimbini. Utaanzaje kushoto tena? Mashine yako ya zamani ndiyo mwongo."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeiandika ikumbuke mwendo wa mwanzo wa zamu, si mwendo wa wakati ule. Kosa hilo lilikaa miaka miwili bila kuonekana, kwa kuwa halitokei ila mtu ale kimbini akitokea upande wa pili, kisha ale katikati katika zamu hiyohiyo. Lau ningaliendelea kutia viraka, ningalimpelekea mjomba bao la uwongo, naye angaligundua siku ya kwanza akicheza na mwanawe. Hapo maneno ya Spolsky niliyaona upande wake wa pili: programu ya zamani hubeba masahihisho ya miaka mingi, naam, lakini hubeba na makosa ya miaka mingi, yamevaa nguo za masahihisho.

Kete zasikika Muscat

Machi 2023 ulinijia mtihani mwingine. Toleo jipya la Godot, la 4.0, lilitoka likiwa na mabadiliko mengi na sifa tele. Mimi nilikuwa natumia toleo la 3. Mkono uliniwasha. Nikajiuliza swali nililojifunza: je, nililo nalo linashindwa kufika shambani? Halikushindwa. Basi nikaliacha toleo jipya lipite, nikaendelea na yangu.

Sauti tuliichukua chumbani kwa mjomba, mchana mmoja madirisha yamefungwa ili kuzuia honi za pikipiki. Tulirekodi kete zake mwenyewe zikianguka katika bao lake mwenyewe: kete juu ya ubao mtupu, kete juu ya moja, juu ya tatu, juu ya nyingi, na mkono ukizoa nyumba nzima. Programu huchagua mlio kwa kadiri ya kete zilizomo shimoni, na huusogeza kutoka sikio la kushoto hadi la kulia kadiri mtawanyo unavyokwenda. Ile programu ya Python sikuitupa. Nilisahihisha kosa lake na kuiweka kwenye seva ndogo ninayoikodi, na huko ndiko inakofanya kazi ya mwamuzi: hatua ikitoka Mombasa, huikagua kabla haijapelekwa Muscat. Zana mbili zilizoandikwa kwa nyakati mbili huchungana, na zikihitilafiana napata habari mara moja.

Mchezo wa kwanza ulichezwa Ijumaa moja ya Julai 2023, saa tatu za usiku kwetu, saa nne kwao. Mjomba alikaa kitandani, kamba za kusikilizia masikioni, macho ameyafumba. Mwanawe alianza kunamua. Nilimwona mjomba akikaza uso, akihesabu, midomo ikimchezacheza. Kisha akatabasamu, ingawa hajacheza hatua hata moja.

"Ni bao langu," akasema. "Mlio wa ile kete yenye ufa nausikia."

Mchezo huo alishindwa. Akasema programu imemdhulumu, nikamwonyesha hatua zote, akazifuata kwa vidole baoni, akakubali kwamba kosa ni lake: aliivunja nyumba mapema. Michezo miwili iliyofuata akashinda. Tangu siku hiyo wanacheza takriban kila Ijumaa.

Nilipotaka kujua kama sasa deni limekwisha, aliniambia limebaki kidogo. Barazani, asema, watu hawachezi kimya. Kuna kejeli, kuna mafumbo, kuna vicheko, kuna kumtia mtu wasiwasi kwa maneno mpaka akasahau kimbi chake. "Bao bila maneno ni hesabu," akasema. Kwa hiyo hivi sasa naongeza njia ya kupeleka sauti zao, wapigane vijembe huku wakicheza.

Kwa vijana wanaoandika programu peke yao usiku, bila tajiri, nina machache ya kuwaachia. Usibadili zana kwa sababu ya sifa zake; badili pale tu inaposhindwa kuifikisha kazi kwa mwenye haja nayo. Kabla hujahama, hakikisha unayoyajua yameandikwa nje ya zana, mahali panaposomeka na binadamu. Usiitupe ya zamani mpaka mpya iwe imepimwa nayo hatua kwa hatua, na zikikosana usiwe mwepesi wa kumtetea mkongwe. Na zaidi ya yote, mwulize mapema yule unayemwandikia. Mimi ningalimwuliza mjomba swali moja mwaka 2020, la jinsi anavyolifuata bao, ningaliokoa miaka miwili na pikipiki.

Mke wangu bado anashikilia methali yake, nami siipingi. Mchagua jembe si mkulima. Lakini Ijumaa usiku, milio ya kete inapoanza chumbani kwa mjomba, yeye ndiye wa kwanza kuvuta kiti akae asikilize.